Nina dola 70: ninunue mswaki wa umeme au nilipe kontroli ya vyuma vya binti yangu?

SWALI

Mama Daktari,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani kwako. Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi karibu na soko la mtaa wa Kenya, na nyumba yangu iko Kampemba, hapa Lubumbashi. Nina watoto wanne. Huyu ninayekuandikia habari zake ni binti yangu wa pili, ana miaka 13. Meno yake ya juu yalikuwa yamepandana, moja limetokea mbele ya jingine, hata kufunga mdomo ilikuwa taabu. Shemeji yangu anayeishi Ndola alitusaidia, nami nikaongeza kidogo kidogo, tukamfungia vyuma, hivi ambavyo hapa tunaviita bage. Huu ni mwezi wa saba.

Mwezi uliopita tulikwenda kontroli, yaani kumwonyesha daktari vyuma. Daktari alimtazama mdomoni, akanyamaza. Kisha akaniita nitazame mwenyewe. Ufizi umevimba, umeanza kupanda juu ya vile vibati vya chuma vilivyogundishwa kwenye meno. Alipougusa kidogo na chombo chake, damu ikatoka. Akasema ukoga umejaa kila mahali, na hali ikiendelea hivi atavitoa vyuma kabla ya wakati wake. Nilipomuuliza tufanye nini, alijibu akiwa anavua glovu: "Mnunulie mswaki wa umeme." Mgonjwa mwingine alikuwa ameshaingia, nasi tukatoka.

Nilifika duka la dawa mjini. Mswaki huo pamoja na vichwa viwili ni dola 55. Akiba yangu yote ni dola 70, na kontroli ijayo, ambayo atabadilishiwa waya, ni dola 30. Nikinunua mswaki, kontroli itabidi isubiri mpaka wazazi waanze kuleta vitambaa vya sare za shule, yaani miezi mitatu mbele. Nikilipa kontroli, naogopa daktari atauliza mswaki uko wapi.

Nyumbani tumegawanyika. Mke wangu anasema daktari ameshasema, tusibishane naye. Mama yangu mzazi, kambo ya watoto, yaani bibi yao, hataki kusikia habari za mashine. Anasema ikitetemeka itabandua vile vibati, na kwamba yeye amesugua meno kwa unga wa makala (makaa) na chumvi maisha yake yote na hajang'oa hata jino moja. Mimi nafikiria umeme. Mtaani kwetu unaweza kukatika Jumatatu ukarudi Alhamisi usiku. Cherehani yangu ya umeme iko kwenye kona inakula vumbi, nashonea ile ya kukanyaga kwa miguu. Sasa ninunue mashine nyingine ya kungojea umeme?

Jambo moja linaniumiza. Kila jioni namuuliza binti yangu, "Umepiga mswaki?" Ananijibu, "Ndiyo, papa." Namwona kwa macho yangu akienda nyuma ya nyumba na kikombe chake cha maji. Si mtoto wa uongo. Basi ukoga huo unatoka wapi? Shuleni wenzake wanamwita mdomo wa bati, na siku hizi akicheka anaziba mdomo kwa mkono.

Na kama tutanunua, je, dada yake mkubwa naye anaweza kuutumia?

Nijibu kama ungemjibu kaka yako wa tumbo moja.

Fundi wa Kampemba


JIBU

Kaka yangu Fundi,

Lipa kontroli. Hizo dola 30 zifunge kwenye kitambaa uziweke mbali na mikono ya kila mtu, hata duka la dawa wakikupunguzia bei ya mswaki kesho asubuhi. Waya ulio mdomoni mwa binti yetu unavuta meno mchana na usiku, na daktari anapaswa kuutazama kila baada ya wiki 4 hadi 8 hivi. Miezi mitatu bila jicho la daktari, tena na ufizi uliovimba, ni muda mrefu mno. Kibati kikibanduka humo katikati, jino lake linaweza kuzunguka au kurudi lilikotoka, na fedha ulizokwisha kutoa zikapotea. Hakuna mswaki, wa umeme wala wa dhahabu, unaoweza kufanya kazi ya kontroli.

Zinabaki dola 40. Kwa hizo, ufizi wa mtoto unaweza kupona bila mashine. Lakini nisikufiche: daktari wenu hakukosea kuutaja mswaki wa umeme. Alikosea kuutaja peke yake, halafu akawaacha mtoke bila kumwonyesha mtoto jinsi ya kusugua.

Mswaki wa umeme si kitu cha anasa. Ule uliofungua njia ulitengenezwa Uswisi mwaka 1954 na Dkt. Philippe-Guy Woog, ukaitwa Broxodent, na watu waliofikiriwa tangu mwanzo ni wale ambao mikono yao ina udhaifu na wale waliofungwa vyuma. Mwaka 2014 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua majaribio ya tiba, walichapisha uchambuzi wa majaribio 56 yaliyohusu watu zaidi ya 5,000. Kwa waliotumia wa umeme zaidi ya miezi mitatu, ukoga ulipungua kwa asilimia 21 zaidi kuliko kwa waliotumia wa mkono, na uvimbe wa ufizi kwa asilimia 11. Hiyo ni faida ya kweli, na mtu mwenye fedha namwambia anunue bila wasiwasi. Ila takwimu hizo ni za watu wa kila aina. Wanapopimwa wenye vyuma peke yao, majaribio hayasemi kwa sauti moja: mengine yanaupa ushindi mswaki wa umeme, mengine yanakuta mtu aliyefundishwa vizuri akitumia wa mkono anafika palepale. Umesikia neno aliyefundishwa? Hapo ndipo penye shida ya nyumbani kwako.

Umeniuliza ukoga unatoka wapi ilhali mtoto hadanganyi. Nakuamini, na yeye namwamini. Nimewatazama watoto wengi wenye vyuma wakipiga mswaki mbele yangu, na karibu wote wanafanya jambo lilelile: wanasugua chuma. Mswaki unapita juu ya vibati, kushoto kulia, kushoto kulia, chuma kinang'aa, wanatema, wamemaliza. Lakini chuma hakiozi. Kinachooza ni jino lililo pembezoni mwa kibati, na ukoga hujificha kwenye ule ukanda mwembamba kati ya kibati na ufizi, mahali pasipofikiwa na mswaki unaopita juu juu. Ufizi ukianza kuvimba, kuugusa kunauma na damu inatoka, basi mtoto anaogopa, anazidi kupakwepa, na kadiri anavyopakwepa ndivyo unavyozidi kuvimba. Hakuna aliyemwambia kwamba damu hiyo inamwita asugue hapohapo, taratibu, wala si ishara ya kuacha.

Tena yuko nyuma ya nyumba, hana kioo, pengine giza limeingia. Wewe ungeshona mshono wa mfuko gizani, bila kuona sindano?

Kwa hiyo haya ndiyo manunuzi. Mswaki wa mkono uliotengenezwa kwa ajili ya vyuma: ukiutazama kwa ubavu, nywele za katikati ni fupi na za pembeni ni ndefu, zimefanya bonde kama herufi V, ili bonde likae juu ya waya na nywele ndefu zishuke pande zote mbili. Usipoupata, chukua wa kawaida wenye kichwa kidogo na nywele laini, na usikubali wenye nywele ngumu hata ukiambiwa ndio unaosafisha zaidi. Kisha viburashi vya kupenyeza, vile vyembamba vyenye umbo la mti mdogo, vinavyoingia chini ya waya. Kama akiba ingetosha kitu kimoja tu, ningekuambia uanze na hivi, kwa sababu kati ya kibati na kibati mswaki wa umeme na wa mkono yote miwili hushindwa. Dawa ya meno iwe na floraidi, madini yanayolinda meno. Soma ubavuni mwa tyubu, tafuta namba kati ya 1,000 na 1,500 yenye herufi ppm, nyingi zina 1,450. Nunua na kioo cha kusimamisha mezani. Vyote hivi havitamaliza dola 40, na sehemu inayobaki nitakuambia uiweke kwa kazi gani.

Sasa namna ya kusugua. Msomee binti polepole, au mpe asome mwenyewe, kwani ana miaka 13, si mtoto wa kushikwa mkono.

Kwanza ajaze maji mdomoni, ayasukesuke kwa nguvu, ateme. Mabaki makubwa yatoke. Maji yawe salama ya kunywa, yaliyochemshwa kama yametoka kisimani. Kisha aweke dawa kidogo, kama urefu wa kucha ya kidole gumba, akae mbele ya kioo mahali penye mwanga. Aanze na ukanda ule wa hatari: nywele za mswaki azielekeze kwenye ufizi kwa mshazari, nusu zikigusa ufizi na nusu zikigusa jino, juu ya kibati. Atetemeshe mkono kwa mwendo mfupi sana, upana wa jino moja au mawili tu, ahesabu hadi kumi, ndipo asogee. Asisukume. Mswaki ushikwe kama kalamu. Akimaliza ukanda wa juu wa meno yote, arudi kwa ukanda wa upande wa pili wa vibati, nywele sasa zikitazama juu kuingia chini ya waya. Kwa meno ya chini ya mdomo ageuze: kule ufizi uko chini, na watoto wengi husahau kugeuza. Halafu uso wa vibati wenyewe, sehemu ya kutafunia, na upande wa ndani wa meno, unaotazama ulimi.

Baada ya hapo kiburashi. Akipitishe chini ya waya kati ya kila vibati viwili, kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, mara mbili tatu kila mahali. Asikilazimishe, kikikataa kuingia abadilishe pembe, au mchukulie chembamba zaidi. Mwishoni ateme povu lakini asisukutue kwa maji. Najua itakuwa ngeni kwake, sote tumelelewa na kikombe cha kusukutua, lakini floraidi inatakiwa ibaki juu ya meno ifanye kazi, na kusukutua huiondoa.

Dakika mbili wanazoandika kwenye maboksi ya miswaki hazimtoshi mwenye vyuma anayeanza kujifunza. Usiku mpe dakika tano. Usiku ndio wakati usiosamehe, kwa sababu mtu akilala mate hupungua na meno hubaki bila mlinzi. Asubuhi anaweza kufupisha kidogo kama shule inamkimbiza.

Wiki ya kwanza damu itatoka. Vumilieni. Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake, huko Denmark, waliwaomba watu 12 wenye ufizi mzima waache kabisa kusafisha meno. Wote walipata uvimbe wa ufizi, wa kwanza kwa siku 10 na wa mwisho kwa siku 21. Walipoanza kusafisha tena, ufizi ulirudi katika hali yake ndani ya wiki moja hivi. Ufizi uliofungwa kati ya vyuma huchelewa kidogo kuliko huo, lakini ni nyama ileile ya binadamu. Anza leo, na kabla ya wiki tatu kwisha utaona rangi ya ufizi ikigeuka kutoka nyekundu iliyoiva kwenda ile ya waridi.

Jino, kwa upande wake, halina huruma hiyo. Ukoga ukikaa sehemu moja, vijidudu vyake vinakula sukari vinatoa asidi, na asidi hunyonya madini ya jino kuzunguka kibati. Madoa meupe kama chokaa yanaweza kuonekana ndani ya wiki nne tu. Siku vyuma vinapotolewa, meno yamenyooka kama mstari wa rula, lakini kila jino lina mraba uliochorwa kwa doa jeupe, na doa hilo mara nyingi halifutiki lote. Nimewaona wasichana waliovumilia vyuma miaka miwili wakalia kwenye kiti siku ya furaha yao. Sitaki binti yako awe mmoja wao, ndiyo maana nakuandikia kirefu hivi.

Utajuaje kama anafanya vizuri? Acha kumuuliza "Umepiga mswaki?" Jibu la swali hilo ni ndiyo, na litabaki ndiyo hata meno yakioza, kwa kuwa ni kweli amepiga. Kuna vidonge vya rangi vya kutafuna vinavyoonyesha ukoga. Ukivikosa, chukua rangi nyekundu ya chakula, ile ya kutia kwenye keki, matone machache kwenye kijiko cha maji. Mpake mafuta ya mgando midomoni, avae nguo kuukuu (wewe fundi unajua rangi ikiingia kwenye blauzi nyeupe ya shule), asukutue nusu dakika, ateme, asukutue maji mara moja. Meno safi yatabaki meupe, penye ukoga pataiva nyekundu. Hapo mpe kioo aangalie mwenyewe. Usimgombeze wala usimwambie neno. Ataona ule ukanda juu ya vibati umekuwa kama kamba nyekundu, na ataelewa kwa nusu dakika jambo ambalo mimi nimelieleza kwa aya tano. Aichukue brashi asugue mpaka nyekundu iishe. Fanyeni hivyo kila Jumamosi jioni.

Na rangi hiyo ndiyo itakayoamua habari ya mswaki wa umeme, si mke wako, si kambo, si mimi. Baada ya wiki tatu hadi nne za kusugua hivi, kama wekundu umebaki nukta hapa na pale, mkono wake unatosha, endelea nao. Kama bado anasugua kwa bidii, dakika tano kamili, na rangi inabaki nyingi mahali palepale, basi mkono wake unahitaji msaada na mashine itakuwa na maana. Kuna watoto wa namna hiyo, na si uvivu. Kama umeona kwamba anachoka upesi na hana subira, hapo pia mashine husaidia, maana yenyewe ndiyo inayotetemeka, kazi ya mtoto ni kuisogeza. Sehemu ya fedha uliyobakiza anza kuiwekea akiba ya siku hiyo, na sare za shule zitaongeza.

Ukifika huko, usinunue mswaki kabla hujatafuta vichwa vyake. Kichwa cha mswaki hubadilishwa kila miezi mitatu, na kwa mwenye vyuma huchakaa mapema zaidi kwa sababu waya unazitawanya nywele. Kama amebakiza mwaka mmoja na zaidi, anahitaji vichwa vinne, vitano au sita. Muulize mwenye duka, vichwa vya aina hii mnavyo leo, na mwezi wa Desemba mtakuwa navyo? Akisitasita, ondoka. Mswaki usio na kichwa kipya ni sawa na gari lisilo na piesi (vipuri), na hapa mjini kila mtu anamjua jirani mwenye gari la namna hiyo. Ile miswaki ya bei rahisi inayotumia betri za tochi, ambayo kichwa hakitoki, usiihesabu kabisa.

Kuhusu umeme, hofu yako ina msingi lakini si pale ulipoiweka. Mswaki wa kuchaji ukijaa, mingi hudumu wiki moja hadi mbili, kwa hiyo giza la siku tatu halitauzima. Taabu iko kwenye kujaa: baadhi huchukua zaidi ya saa 12, na umeme unaokuja usiku ukaondoka alfajiri hauwezi kumaliza kazi hiyo mara moja. Chaja yake usiiache ukutani. Umeme unaporudi kwa kishindo huunguza vitu vidogo kama hivyo. Na soma maandishi yaliyo chini ya chaja: kama imeandikwa 100-240V ni sawa, kama imeandikwa 120V peke yake, imetengenezwa kwa ajili ya nchi kama Marekani, na volti 220 zetu zitaiua siku ya kwanza. Wengi huletewa zawadi za namna hiyo na ndugu walio ng'ambo, wakadhani wameletewa kitu kibovu.

Namna ya kuutumia ni tofauti na wa mkono. Auweke kwenye jino ndipo auwashe, la sivyo povu litafika kwenye kioo. Asisugue. Autulize juu ya kibati hesabu mbili tatu, kisha chini ya kibati, kisha jino linalofuata, kwa pembe zilezile nilizozieleza. Viburashi vya kupenyeza vinabaki palepale, mashine haivifuti kazi. Na umeme ukikosekana kabisa, arudi kwenye mswaki wa mkono usiku huohuo bila kungoja.

Mpe kambo heshima zangu, na umwambie hivi. Mtetemo wa mswaki haubandui kibati kilichogundishwa vizuri. Vinavyobandua vibati ni mfupa wa muchopo (nyama ya kuchoma) wa Jumapili, muwa, mahindi ya kuchoma yaliyokauka, barafu ya kutafuna, na kalamu ya darasani. Nyama aikate vipande vidogo ale na bukari (ugali), mahindi ayapukuchue kwa vidole. Maembe yakija ayakate kwa kisu, nyuzi zake zikijisokota kwenye waya ni adhabu. Sombe, majani yetu ya muhogo, haina kosa lolote, ale ashibe, ila ajitazame kwenye kioo kabla ya kutoka, kwa sababu jani lililonasa kwenye bage ndilo linalowapa wenzake maneno. Kitu kinachonitia wasiwasi zaidi ni mikate na chai ya sukari nyingi asubuhi, kisha chupa ya sukre (soda) mapumziko, kisha peremende njiani kurudi. Kila mara sukari inapoingia, asidi inaanza upya. Sukari inayoliwa mara moja pamoja na chakula inadhuru kidogo kuliko ileile iliyogawanywa siku nzima.

Unga wa makala usiingie kwenye kinywa hiki. Kambo alisugua meno yasiyo na vyuma, na chembe za makala kwake zilitoka na maji. Hapa zitaingia chini ya waya na kwenye mipira midogo ya vibati, na huko hazitoki. Tena makala hukwaruza jino na hayana floraidi. Chumvi kidogo kwenye maji ya vuguvugu, kusukutua ufizi unaouma, hiyo inakubalika, na kambo atafurahi kwamba nusu ya dawa yake imebaki.

Dada mkubwa asitumie kichwa kimoja na mdogo wake, hasa wakati huu ufizi unatoka damu. Mpini mnaweza kushirikiana ikiwa kila mmoja ana kichwa chake, na chenye alama ya uzi wa rangi.

Hilo la mdomo wa bati, kaka, lisikilize vizuri. Msichana anayeziba mdomo mchana atazima taa jioni ili asijione kwenye kioo. Usimwambie azoee. Kaa naye usiku mmoja, nawe uchukue mswaki wako, msugue pamoja hizo dakika tano mbele ya kioo kimoja. Shuleni asibebe mswaki kama anaona haya. Chupa ya maji ya kusukutua baada ya kula inatosha mpaka afike nyumbani.

Siku ya kontroli nendeni na mswaki wake, viburashi vyake na kioo. Kabla daktari hajavaa glovu mwambie, kwa adabu: "Daktari, mwache asugue hapa mbele yako, halafu utuonyeshe anapokosea." Itamchukua dakika tatu. Akisema bado anataka wa umeme, muulize aina ipi, na vichwa vyake vinauzwa wapi hapa Lubumbashi.